Somo, bastola chini ya dera inanitesa

Shikamoo Somo,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 38, mzaliwa wa Tanga, kwetu Chumbageni. Huu ni mwaka wa kumi na moja niko Houston, upande wa Alief, na uraia nilishapata. Mume wangu anaendesha malori ya masafa marefu, akitoka anaweza kumaliza wiki mbili hajarudi. Mimi nafanya shifti ya usiku kwenye nyumba ya kulea wazee, naingia saa tano usiku natoka saa moja asubuhi.

Mwezi wa tatu mwaka huu nilivamiwa. Nilikuwa nimeshuka kwenye gari, natembea kuelekea mlango wa wafanyakazi, na pale taa mbili zilikuwa zimekufa muda mrefu. Vijana wawili wakanibana. Walichukua simu, mkoba na pete ya marehemu bibi yangu. Hawakunipiga, lakini tangu siku ile nikifika pale moyo unakwenda mbio mpaka nashika ukuta.

Mume wangu aliporudi akaninunulia bastola ya milimita 9, zile ndogo nyembamba. Akanipeleka uwanja wa shabaha mara mbili, na kulenga najua. Leseni ya kubeba sina, kwa sababu watu waliniambia tangu sheria ya 2021 hapa Texas hailazimu.

Shida yangu, Somo, ni holsta. Vifuko vyote vya bastola ninavyoviona dukani vimetengenezewa mwanamume aliyevaa jinzi na mkanda. Mimi nje ya kazi navaa dera au abaya, na kazini sare yetu ni suruali nyepesi ya kamba kiunoni. Huo mkanda niuvae wapi? Nilianza na ile ya ngozi ya mume wangu, nikaichomeka kwenye suruali ya kazi, suruali ikashuka. Nikanunua mkanda mpana wa lastiki wa kujifunga tumboni. Huo unajikunja kama kanga iliyofungwa vibaya, natoka jasho, na bastola inazunguka mpaka siku moja niliikuta mpini umeangalia chini. Nikajaribu kuiweka mbele, karibu na kitovu. Mtoto wa pili nilimzaa kwa operesheni, na mtutu unakaa palepale kwenye mshono. Nikikaa kwenye gari inanichoma, nikisujudu ndiyo kabisa, mpaka nimeanza kuivua kila nikitaka kuswali na kuiweka juu ya kabati. Kwenye mkoba nimeogopa, maana mwanangu mdogo wa miaka minne anatafuta biskuti humo kila siku.

Na ninataka ifichike kabisa, Somo. Dada yangu ndiye anayelala na watoto wangu nikiwa kazini. Hajui. Nikiwapeleka kwake nasimama mlangoni kama mgeni, nisije nikakumbatiwa. Mwezi wa sita mama anakuja kutoka Tanga kukaa nasi miezi mitatu, na mama yangu ni mtu wa kushika, atanipapasa mgongo, atanikanda. Akigusa chuma sijui nitasema nini. Juzi mwanangu mkubwa wa miaka tisa aliniegemea akauliza, "Mama, una nini kigumu tumboni?" Nikamwambia ni mkanda wa mgongo wa daktari.

Nieleze ni holsta gani itakayonikaa vizuri chini ya dera, isiniumize, isionekane na mtu yeyote. Mume wangu anasema nitazoea. Mimi naona sizoei.

Mama wa Wawili, Houston

*

Marahaba, mwanangu.

Pole kwa yaliyokupata, na pole zaidi kwa pete ya bibi. Simu hununuliwa nyingine. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimesimama pale unapoushika ukuta. Kwa hiyo nitakujibu la holsta, maana ndilo uliloniuliza na ni swali halali, lakini utaniruhusu nirudi kwenye ukuta ule.

Nimeishi Texas miaka 22. Miaka sita kati ya hiyo nilivaa bastola, kisha nikaacha. Sababu zangu za kuacha zilikuwa za maisha yangu, si lazima ziwe zako. Nakwambia ili ujue kwamba jasho unalolisema nalijua.

Kwanza, hujakosea mwili. Holsta nyingi za kuvaa ndani ya suruali hutegemea mkanda mgumu, kwa sababu mkanda ndio unaobeba uzito na kuuvuta mpini uje mwilini. Bastola yako ina kama nusu kilo kabla ya risasi. Ukiitundika kwenye kamba ya suruali ya kazi lazima ishuke, haina pa kushika. Na kinachoonekana chini ya nguo mara nyingi si mtutu bali ni mpini. Mtutu unalala sambamba na mwili, mpini unatokeza kama kiwiko. Ndiyo maana holsta nzuri huwa na kibawa kidogo cha plastiki kinachosukumwa na mkanda na kuulaza mpini ndani, au kijisponji upande wa chini kinachousogeza mdomo wa mtutu mbali na mwili kidogo, mpini nao ukalala. Kijisponji hicho hicho ndicho kinachopunguza kuchomwa. Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba holsta ndefu kidogo kuliko bastola, mara nyingi, hukaa vizuri zaidi kuliko fupi, kwa kuwa haipinduki uzito wa juu unapoivuta.

Kwa mavazi yetu ya dera na abaya, zipo holsta zisizohitaji mkanda wa suruali. Ni ganda gumu, mara nyingi la plastiki iitwayo Kydex, lililofungwa kwenye mkanda wake lenyewe unaouvaa nyongani chini ya nguo zote, na nyingine huwa na utepe wa kushika paja ili isipande. Unaivaa juu ya taiti au fulana nyembamba ili ngozi isichubuke. Zipo pia za kitambaa zinazokaa chini zaidi ya kiuno, mbele, karibu na kinena. Hizo za chini kabisa hufichika vizuri, ila kwa mtu mwenye mshono wa operesheni nina wasiwasi nazo. Ya nyongani unaweza kuisogeza pembeni ya mshono, kuelekea upande wa mfupa wa nyonga. Pale sijda nayo hupungua makali, ingawa haiishi. Nenda duka lenye mwanamke anayeuza, uombe kuijaribu na bastola tupu, ukae kwenye kiti, uiname, usujudu hapohapo kwenye chumba cha kujaribia. Usione haya.

Ule mkanda wa lastiki naomba uutoe mwilini leo. Hapa sitabembeleza maneno. Kitambaa laini hakilindi triga, kile kidude cha kufyatulia. Bastola ikizunguka ndani ya lastiki, kidole, ufunguo au kona ya simu inaweza kuibonyeza triga kwa nje, na wewe mwenyewe umeshaikuta imegeuka. Holsta yoyote utakayochagua, triga iwe imefunikwa yote na kitu kigumu. Itoe risasi zote kwenye bastola, ukague mara mbili, uiweke ndani ya holsta, kisha ubonyeze kwa nje pale triga ilipo. Ukisikia inasogea, hiyo si holsta, ni kifuko. Halafu iinamishe juu ya godoro uitikise. Ikidondoka, irudishe dukani. Na hata ile ya ngozi ya mume wako iangalie mdomo wake: ngozi ikizeeka hulegea, hujikunja kwa ndani, na mkunjo huo umewahi kufyatua bastola za watu walipokuwa wakizirudisha.

Wakati huo wa kurudisha ni miongoni mwa nyakati zenye hatari kubwa kabisa. Na hapa ndipo nilipoanza kuhesabu usiku wako, mwanangu, nikitumia barua yako tu.

Unavaa nyumbani. Unawapeleka watoto kwa dada. Unaendesha mpaka kazini. Sasa, katika Texas, hospitali na nyumba za wazee zenye leseni huingii na bastola bila idhini ya maandishi, na nadhani wewe hiyo huna. Kwa hiyo lazima uivue ukiwa kwenye gari. Sheria ya jimbo tangu 2011 inamruhusu mfanyakazi aliye na silaha kihalali kuiacha ndani ya gari lake lililofungwa kwenye maegesho ya mwajiri, hilo sawa. Lakini umeshaiacha. Kisha unashuka, unatembea kuelekea mlango wa wafanyakazi, chini ya taa mbili zilizokufa.

Umeliona? Hatua zile zile ambazo moyo wako unakimbia, bastola haipo nawe. Imebaki garini. Asubuhi ukitoka unazitembea tena bila hiyo. Unaibeba kwa dada yako, unaibeba kwenye mswala, unaibeba kwenye mshono wako, na mahali ulipovamiwa ndipo usipokuwa nayo. Sisemi hivyo kukulaumu wala kumlaumu mume wako. Alikupa alichokuwa nacho mkononi, na kwa mwanamume aliye mbali wiki mbili, hilo lilikuwa penzi. Nakuomba tu ujiulize kama holsta ya kustarehesha inaweza kutibu kitu ambacho holsta haikifikii.

Hata nje ya kazi kuna hesabu nyingine. Kadiri unavyoificha ndani, ndivyo inavyochelewa kutoka. Dera ni refu. Kulipandisha mpaka nyongani kunataka mikono miwili na muda, na wewe mara nyingi mkono mmoja una mtoto, mwingine una mfuko wa sokoni. Wapo wanaopasua mshono wa pembeni wa nguo na kuweka zipu, wapo wanaovaa abaya ya kufungua mbele. Yote hayo yanataka mazoezi ya wiki nyingi, bastola ikiwa tupu na risasi ziko chumba kingine. Mara mbili uwanjani hazitoshi, na sidhani mume wako atabisha akiulizwa kwa upole.

Kama utaamua kuendelea kuivaa, basi kwa maisha yako naona sifa moja inazipita zote: holsta ambayo unaivua pamoja na bastola ikiwa ndani yake, bila kuichomoa. Unaivua kila usiku garini, na kabla ya kila sala. Bastola ikitoka na kuingia kwenye holsta mara kadhaa kwa siku, gizani, juu ya usukani, na wewe umechoka, siku moja kidole kitakosea. Hapa kuna mgongano na lazima nikuambie. Ile ya nyongani yenye utepe wa paja, inayofaa chini ya dera, ndiyo ngumu kuivua ndani ya gari. Ile yenye kishikizo cha kubana ni rahisi kuivua, lakini inataka suruali ya maana na mkanda. Huenda kwa siku za kazi ukavaa jinzi na mkanda mgumu juu ya taiti, ukabadilisha sare ndani. Huenda ukaona ni shughuli mno. Unaweza pia kutoka nyumbani ikiwa tayari ndani ya kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa waya kwenye reli ya kiti, isiguse mwili wako kabisa. Kisanduku ni lazima kwa vyovyote, kwa sababu silaha nyingi huibiwa magarini, na anayekuona ukiivua kwenye maegesho ameshajua ilipo.

Na ile ya juu ya kabati. Mwanangu, kuna mtoto wa miaka minne anayetafuta biskuti. Desemba 2014, dukani katika mji wa Hayden, Idaho, mama wa miaka 29 aliuawa na mwanawe wa miaka miwili aliyefikia bastola ndani ya mkoba wake. Mkoba ule ulitengenezwa maalumu kwa kubebea silaha, na ilikuwa ndani ya mfuko wa zipu. Umefanya vema kuuogopa mkoba. Kabati liogope vilevile. Nunua sefu ndogo inayofunguka kwa kidole au namba, uifunge ukutani karibu na mswala wako ikibidi. Texas ni kosa la jinai kuacha silaha yenye risasi mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuifikia, naye akaifikia, lakini najua si sheria itakayokufanya uinuke kuitafuta sefu hiyo.

Kuhusu leseni, waliokuambia walisema kweli nusu. Tangu tarehe 1 Septemba 2021 mtu wa miaka 21 na zaidi asiye na kizuizi cha kisheria anaweza kubeba bila leseni ya jimbo. Ila sheria ya shirikisho inazuia silaha ndani ya kama mita 300 kutoka shuleni, na mwenye leseni ya jimbo lake husameheka hapo, asiye nayo hasameheki, isipokuwa iwe haina risasi na imefungwa kwenye chombo chenye kufuli. Wewe unampeleka mtoto shule. Darasa la leseni huchukua muda wa saa nne hadi sita, pamoja na mtihani wa shabaha. Ningependa ulipitie hata kama mwisho wake utaamua kuiacha bastola nyumbani, maana huko utauliza maswali haya kwa mtu aliye mbele yako. Msikiti nao, tangu 2019 nyumba za ibada hazimo tena kwenye orodha ya kukatazwa moja kwa moja, lakini uongozi unaweza kuweka katazo. Waulize kabla.

Sasa nije kwa dada, na kwa mama.

Unataka holsta isiyoonekana na mtu yeyote. Nimejiuliza: mtu yeyote ni nani? Mwizi wa maegesho hakukumbatii. Muuza duka hakupapasi mgongo. Ukiwatoa wageni wote, wanaobaki ni dada yako, mama yako na mwanao. Kwa macho ya wageni hata holsta ya kawaida chini ya dera pana inatosha kabisa. Unachokitafuta wewe ni holsta itakayoshinda mikono ya watu wanaokupenda, na sijui fundi gani anaitengeneza hiyo.

Mwanao mkubwa ameshaigusa. Ulimpa jibu la haraka, mzazi yeyote angeteleza hivyo. Lakini mtoto wa miaka tisa atakwenda kumtafutia mama huo mkanda wa daktari siku mgongo wa bibi utakapouma. Unaweza kumwambia ukweli kwa kipimo chake, kwamba ni silaha, kwamba hugusi, na ukiiona popote, hata kwa rafiki, unatoka chumbani unamwita mtu mzima. Unaweza pia kuona ni mapema. Kila njia ina mzigo, ila huo wa uongo umeshaanza kuubeba.

Dada yako analala na watoto wako. Ukimwambia, anaweza kukasirika, anaweza kusema usifike nayo kwake, na pengine maneno yakatoka nje. Alief ni ndogo kuliko inavyoonekana, najua. Usipomwambia, siku utakapoisahau kwenye kiti chake, hatajua alichokikalia. Anayo haki ya kusema hapana nyumbani kwake. Labda ndicho unachokiogopa, kwamba atasema hapana, na moyoni mwako utapumua. Hilo unalijua wewe, mimi nauliza tu.

Na mama kuna jambo ambalo huenda hulijui. Atakuja kwa viza ya matembezi. Sheria ya shirikisho inakataza watu wenye viza za muda kumiliki au kushika silaha, isipokuwa kwa sababu chache kama leseni ya uwindaji. Kwa hiyo usije ukamwambia, "Mama, niwekee huo mkoba," na bastola imo ndani yake. Kumficha si kumlinda. Mama asiyejua ndiye atakayeuhamisha huo mkoba kwa nia njema akiwa anafagia. Na siku ya kumsindikiza uwanja wa ndege iache kwenye sefu tangu usiku wake. Mwaka 2024 vituo vya ukaguzi vya viwanja vya ndege vya Marekani vilikamata zaidi ya silaha 6,600, nyingi zikiwa na risasi, na walioshikwa wengi husema walisahau.

Yule mlango wa wafanyakazi, je, umeshaandika barua kuhusu zile taa? Kwa maandishi, yenye tarehe, na nakala ukabaki nayo. Wenzako wa shifti wangapi wanaogopa kama wewe? Mkikubaliana kuingia watatu watatu saa tano kasorobo, au kumwomba mlinzi awasindikize, njia ile inapata watu, na watu wanaweza kutembea mpaka mlangoni, jambo ambalo bastola haiwezi. Dawa ya pilipili ya kupuliza inaruhusiwa Texas, na tofauti na bastola unaweza kuwa nayo mkononi hatua zote zile. Muulize mwajiri tu kama inaingia ndani. Mafuta ya gari yajaze mchana. Na ule mshtuko wa moyo kukimbia ukifika pale, mwambie daktari wako kama unavyoniambia mimi. Mshtuko huo una dawa na una watu wa kuzungumza nao, na hauna uhusiano na woga wa tabia.

Mume wako anasema utazoea. Mwili kweli huzoea uzito. Lakini mkalishe siku atakayorudi, mchore usiku wako kwenye karatasi, kutoka mlango wa dada mpaka mlango wa wazee, mtie alama kila mahali bastola inapovuliwa na kuvaliwa. Akiiona karatasi ile huenda akawa na neno jingine, na wewe huenda ukawa nalo pia, la kuiendeleza au la kuiweka.

Niandikie kabla mama hajafika. Na kama ukipata mahali wanapouza pete za fedha za mtindo wa kwetu huko Houston, niambie, nami nitakutafutia upande huu, maana ya bibi sijaisahau.

Somo wako